Nguzo Mbili kwa Mitaa Mitatu

Kama gazeti la wiki jana lilifungia misumari dukani kabla hujalisoma, usihangaike, nakupa kwa ufupi.

Mimi ndiye niliyeitwa Radi enzi zangu za mpira wa wavu, kabla goti halijanisaliti. Goti lilipokwenda, mume naye akaenda. Mume huyo ndiye afisa wa michezo ya vijana, na kila mtu anamwita Bwana Kofia kwa sababu hata akienda kuona mgonjwa havui. Aliniacha. Mwaka haujaisha, akaninyang'anya na timu ya wasichana niliyoianzisha mwenyewe, akampa mpwa wake, kijana ambaye ukimrushia mpira anafumba macho.

Wiki jana tuliishia pale Bwana Kofia aliporudi mlangoni kwangu, anataka niwasimamie wale wasichana kwa siku moja tu, siku ya wageni. Wengi mmeniambia mngemmwagia maji ya moto. Mimi nilimkaribisha ndani, nikamwekea chai.

Msinilaumu kabla sijamaliza.

"Radi wangu," akaanza.

"Mimi si wako. Endelea."

"Haya, Radi wa watu. Wakaguzi wanakuja kutoka makao makuu. Wanataka kuona fedha za serikali zimewafanyia nini vijana wa mitaa hii mitatu. Wakiridhika, mpango unaendelea. Wasiporidhika, unafungwa."

"Na mpwa wako je?"

"Anaumwa."

"Anaumwa mpira," nikamwambia.

Akacheka. Na mimi nikacheka. Tulicheka vizuri tu, kama watu wasiodaiana kitu.

"Vifaa vipo?" nikauliza.

"Vitakuja."

"Vitakuja na kuondoka?"

Kikombe kikasimama kabla ya kufika mdomoni. Akanitazama kuona najua kiasi gani. Nikamsogezea sukari.

Nilikuwa najua kila kitu. Serikali ilitoa kwa kila mtaa nguzo zake za wavu, mipira yake, jezi zake. Bwana Kofia alinunua seti moja. Nguzo mbili, wavu mmoja, mipira michache, jezi za rangi ya chungwa. Siku ya wageni pikapu inapeleka vifaa mtaa wa juu. Wageni wakimaliza kutazama wanakalishwa kwenye chai ndefu, huku pikapu inapita njia ya nyuma kuvileta mtaa wetu wa kati. Wakimaliza hapa wanapelekwa kula, vifaa vinakimbizwa mtaa wa bondeni. Jioni vyote vinarudi stoo ya ofisi na kufungiwa mpaka wageni wengine.

Mara ya kwanza nilishtuka kwa sababu ya jezi, timu ikiwa bado mikononi mwangu. Msichana wangu mmoja alivaa ya kwake akasema, "Kocha, mbona hii imelowa?" Ilikuwa na jasho la mtoto wa mtaa wa juu. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Sisi chetu kilikuwa kwenye nguo zenyewe.

Siku nyingine zote wasichana wangu walichezea kamba ya kuanikia nguo, upande mmoja imefungwa kwenye nguzo ya umeme, upande wa pili kwenye dirisha la zahanati. Mpira ukigonga kioo, muuguzi anatoka na kandambili mkononi. Walichokuwa wanakitaka ni uwanja usiohama. Basi. Nguzo mbili zinazolala pale pale zilipoamkia.

"Nitakusaidia," nikamwambia Bwana Kofia.

"Nilijua huna kinyongo," akasema.

Mwenye kinyongo hasemi. Nilimsindikiza mpaka nje, nikamfungulia na mlango wa gari.

Alipoondoka tu, nikaenda kwa Fundi Pimamaji, jirani yangu mwashi. Nikamkuta anaosha mwiko wake.

"Fundi, ukimwaga zege kwenye shimo asubuhi, linashika saa ngapi?"

"Inategemea. Unataka kuzika nani?"

"Mume wangu."

"Mliachana."

"Ndiyo maana."

Nikamweleza. Alicheka mpaka akakalia ndoo. Akaniambia ipo dawa inachanganywa na saruji, hugandisha upesi. Na kwamba zile nguzo zina tundu chini, la boliti, kwa hiyo akipitisha kipande cha nondo kwenye lile tundu kabla ya kumwaga zege, hata walete trekta haziji juu.

"Lakini Radi," akasema, "unataka wasichana wapate nguzo, au unataka yule bwana aumbuke?"

"Vyote."

"Ukivishika vyote kimoja kitakuponyoka."

"Fundi, wewe changanya zege. Mahubiri niachie mimi."

Nitawaambia ukweli, maana nimeahidi kuusema hapa kila wiki. Nguzo ningeweza kuzidai kwa njia nyingine. Ningeweza kwenda ofisini, nikalalamika, nikaambiwa njoo kesho. Sikutaka njoo kesho. Nilitaka kuiona sura yake wageni watakapofika bondeni na kukuta mashimo matupu. Niliilalia picha hiyo, nikaiamkia, nikaiogea. Wewe unayesema samehe saba mara sabini, subiri upate wako.

Siku ikafika. Pikapu ikaja na vijana wawili wa mizigo, wamechoka kabla kazi haijaanza. Nguzo zilikuwa bado na udongo mwekundu wa mtaa wa juu.

"Shangazi, mashimo yako wapi?"

"Yale pale. Nyinyi nendeni mkakae kivulini, soda zipo. Mimi na wanangu tutasimika."

Nani anakataa soda? Wakaenda.

Fundi Pimamaji akatoka nyuma ya ukuta wa zahanati na toroli lake limefunikwa gunia. Nondo ikapita kwenye tundu. Nguzo ikaingia. Zege likafuata. Wasichana wakashikilia, fundi akapima ili zisimame wima, maana alisema kazi ya kukomoa watu isimharibie jina. Juu tukatandaza mchanga, tukapiga ufagio. Ukipita hapo usingejua kitu.

Nahodha wangu tunamwita Mnara kwa urefu wake. Akaikumbatia nguzo ya kushoto akaitikisa. Haikutikisika.

"Kocha, hizi zinabaki?"

"Zinabaki."

"Hata kesho?"

"Hata ukiolewa, utazikuta."

Akageuka akajifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa analia, na mimi nikajifanya sioni.

Wageni wakaja. Mkuu wao alikuwa mama wa makamo, mkaguzi, mpole, anasikiliza huku ameinamisha kichwa upande mmoja. Bwana Kofia alikuwa anatembea mbele yake anaonyesha hiki na kile kama anauza nyumba.

Wasichana walicheza. Jamani walicheza! Waliupiga ule mpira kana kwamba ni kichwa cha mtu ninayemjua. Mkaguzi akapiga makofi mpaka mkoba ukamdondoka.

Shida ilikuwa moja: zege lilihitaji muda. Siku hiyo ndipo nilipojua hotuba zina kazi yake. Nikamkaribisha muuguzi aseme neno. Nikamkaribisha mzee wa mtaa, akatupeleka mpaka kwenye ujana wake na kuturudisha kwa miguu. Nikamkaribisha mama wa maji, yule anayeuza ndoo pale bombani, ambaye hata hakujua mkutano unahusu nini, lakini alishukuru kwa niaba ya akina mama wote. Bwana Kofia akawa anaangalia saa, jasho linamtoka chini ya kofia.

Mwishoni mkaguzi akasimama karibu na nguzo, akaigonga kwa kidole.

"Kocha, hivi vifaa ni vya hapa hapa?"

"Vya hapa, mama. Havitoki."

"Una hakika?"

"Njoo hata usiku wa manane utavikuta."

Bwana Kofia akanikonyeza. Maskini, alidhani namdanganyia. Nikamkonyeza na mimi. Weka akilini hilo jibu langu, msomaji, maana mimi mwenyewe sikuliweka.

Magari yakaondoka kwenda kula. Vijana wa mizigo wakaja na soda zao, wakashika nguzo ya kwanza.

"Moja, mbili, vuta!"

Hola.

"Itingishe kwanza."

Wakaitingisha. Wao ndio waliotingishika. Mmoja akarudi nyuma akaitazama juu hadi chini.

"Shangazi, hizi zimeota mizizi?"

"Labda udongo wa huku una mbolea."

Wakaikumbatia, wakaisukuma kwa mabega, mmoja akavua shati. Wasichana wakawa wanawahesabia, moja mbili vuta, huku wanavunjika mbavu. Mipira nayo ilikuwa imeshatoweka. Walipogeuka kuitafuta pamoja na jezi, Mnara akawaambia kwa adabu kabisa, "Kaka, jezi tumezifua."

Mmoja akapiga simu. Akasikiliza, akanipa.

"Radi, umefanya nini?" Sauti ya Bwana Kofia ilikuwa chini, nasikia vijiko na vicheko vya wageni nyuma yake.

"Nimetekeleza mpango wa serikali. Vifaa vya mtaa vimebaki mtaani."

"Usinimwagie mchele kwenye kuku wengi. Tuzungumze."

"Tuliwahi kuzungumza. Nikiwa kitandani na goti langu, uliniambia huna mke mlemavu. Unakumbuka?"

Sikumsubiri akumbuke.

"Kula vizuri," nikamwambia. "Bondeni ni mbali."

Nikakata simu. Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Nilijisikia goti limepona. Wasichana walinirusha juu, kocha mzima na mwili huu, tukacheza mchezo mmoja bila mgeni hata mmoja wa kutupigia makofi. Nilipiga mpira mara moja tu. Ulitua pale pale nilipotaka.

Raha ya mwenye kulipiza ni fupi, wahenga hawakunieleza.

Kabla jua halijapunguza ukali, nikaona kundi linakuja kutoka upande wa bondeni. Watoto wengi, wavulana kwa wasichana, wamevaa mashati ya shule. Wamebeba sururu na majembe. Mbele yao kuna mwanaume ana nyundo kubwa ya kuvunjia mawe begani.

Alikuwa mdogo wangu.

Mdogo wangu wa tumbo moja ndiye kocha wa bondeni. Kazi hiyo alipewa na Bwana Kofia siku zile bado ni shemeji yake, na hata baada ya mimi kuachwa akaendelea kumwita shemeji. Hilo lilinichoma, sikuwahi kumwambia. Mpira nilimfundisha mimi, kwenye uchochoro wa nyumbani, kwa mpira wa makaratasi.

Ndiyo, niliijua bondeni ni ya nani. Nilipokuwa naipigia hesabu ile picha yangu ya mashimo matupu, mdogo wangu sikumwona ndani yake. Niliona kofia tu.

"Dada," akasema, "leo umenivua nguo."

"Sikukuvua wewe."

"Umemvua nani? Wageni wamefika, watoto wangu wamepanga mstari, mashimo yako wazi. Mtoto mmoja ametumbukia mguu mbele yao."

"Na Bwana Kofia kasema nini?" Nilitaka kusikia. Hata pale, mbele ya uso wa mdogo wangu, nilitaka kwanza kusikia yule mtu alivyoaibika.

"Amesema nguzo zetu zimeibwa."

"Zimeibwa na nani?"

"Na wewe. Amewaambia za kwako uliziuza, jana ukazihamisha zetu, ukazichimbia kwako kwa sababu ya chuki za ndoa. Akawaambia, mlimsikia mwenyewe: hivi ni vya hapa, havitoki."

Ulimi wangu mwenyewe! Nilimkabidhi kamba, akanifunga nayo.

"Na wewe ukawaambia ukweli," nikasema.

Mdogo wangu akainamisha macho.

"Yule mama aliniuliza, kocha, ni kweli dada yako ndiye aliyezichukua?"

"Ukasema?"

"Nikasema ndiyo."

Muuguzi alikuwa ametoka na kandambili yake, akasimama nayo mkononi asijue ampige nani.

"Umeniita mwizi. Mimi niliyekubeba mgongoni."

"Ungetaka nisemeje, dada? Niseme siku zote nawavisha watoto jezi zenye jasho la watoto wako, na najua? Wangenifukuza mimi, na mtaa ungefutwa hapo hapo. Sasa wamesema nguzo zikisimama bondeni kabla hawajaondoka leo, watatuacha kwenye mpango. Zisiposimama, tumefutwa. Nimekuja kuchukua nguzo zetu."

"Ni za wasichana wangu."

"Na wangu ni watoto wa mbwa?"

Niliwatazama wale watoto. Walikuwa wamechoka kutembea, viatu vimejaa vumbi, mmoja goti limechubuka, bila shaka ndiye aliyetumbukia. Walikuwa wanazitazama zile nguzo kwa macho niliyoyaona asubuhi kwa Mnara. Nilijisikia vibaya, lakini hasira haikunitoka. Nilimchukia Bwana Kofia zaidi kwa kunifanya nijisikie vibaya.

"Mdogo wangu, twende wote kwa yule mama. Tumwambie seti ni moja."

"Atamwamini nani? Mwizi, au ndugu wa mwizi?"

Akaishusha nyundo begani. Mnara akaruka, akaikumbatia nguzo ya kushoto kwa mikono na miguu. Kijiko, yule mfupi wangu, akashika ya kulia. Wengine wakafunga duara.

"Toka hapo, mwanangu," mdogo wangu akasema.

"Siondoki, mjomba."

"Nitavunja zege tu, sikugusi wewe."

"Basi utaanza na mimi."

Mtoto wa bondeni akamvuta Kijiko jezi. Kijiko akamsukuma. Sururu ikaanguka. Mara kofi, mara ngumi, vumbi likatimka, watoto wa mitaa miwili wanavutana nywele kwa ajili ya mabomba mawili ya chuma. Nikapuliza filimbi mpaka mapafu yakauma. Hakuna aliyesikia. Mdogo wangu naye akawa anawatenganisha kwa mkono mmoja, ule wa pili umeshika nyundo.

Ndipo nikasikia injini.

Gari la wageni lilisimama kando ya uwanja. Kioo cha nyuma kikashuka. Bwana Kofia alikuwa amekaa pembeni ya mkaguzi, ametulia, kama mtu aliyefika kutazama mchezo aliokatia tiketi. Aliwafuata hawa watoto kwa nyuma. Alijua watafika kabla yake, na alijua wakifika patatokea nini.

Sikutegemea kumsikia, lakini watoto walipoliona gari walinyamaza, na sauti yake ikatoka wazi.

"Unaona mwenyewe, mama. Nilikuambia. Watu wa huku ukiwapa kitu wanauana. Ndiyo maana napendekeza vifaa vyote vikae ofisini, chini ya ulinzi. Tuwe tunavitoa siku maalumu."

Mkaguzi akawatazama watoto. Akamtazama Mnara, pua inatoka damu, bado ameng'ang'ania nguzo. Akainamisha kichwa upande, vile vile kwa upole.

"Naona una hoja," akasema.

Mnajua nilichokifanya? Nilikuwa nimemtengenezea njia. Mimi, kwa zege langu na nondo yangu na hotuba za mama wa maji. Alikuwa na seti moja anayoihamisha kwa kuibia, sasa ataihamisha kwa ruhusa. Hakuna mtoto wa mtaa wowote atakayepata uwanja usiohama, na atakayetajwa kuwa ndiyo sababu ni mimi.

Bwana Kofia akanitazama, akanikonyeza.

Nikamwendea mdogo wangu, nikanyoosha mkono.

"Nipe hiyo nyundo."

Uso wake ukalainika. Alidhani nimekubali. "Asante, dada," akasema kwa sauti ya chini, akanipa.

"Kocha, usivunje!" Mnara akalia. "Kocha, uliahidi!"

Nyundo ilikuwa nzito, mpini wake una joto la mkono wa mdogo wangu. Nikaiweka begani. Watoto wakanipisha njia. Nikaipita nguzo ya kushoto. Nikaipita ya kulia. Goti halikuuma hata kidogo.

Mkaguzi alikuwa wa kwanza kuelewa ninakokwenda, akafungua mlango wa upande wake akatoka mbio na mkoba wake. Bwana Kofia akaanza kubonyeza kitufe cha kupandisha kioo.